Sifuri Tisa

Mwalimu alikuwa na kopo. La maziwa ya unga ya mtoto, la bati, karatasi yake ya nje imechubuka mpaka yule mtoto wa kwenye picha amebaki shavu moja na jicho. Wanafunzi wa tiba ya usemi, mwaka wa tatu, walimwita Mama Kopo akiwa hayupo, na yeye alijua, maana hakuna darasa linaloweza kuficha jina la utani zaidi ya wiki mbili. Hakukasirika. Kuna walioitwa mabaya zaidi. Mwenzake wa chumba cha jirani, aliyefundisha mambo ya kumeza, alikuwa Bwana Makohozi.

Somo lake la kwanza lilikuwa lile lile kila mwaka. Aliingia, akaweka kopo mezani, akauliza:

"Mgonjwa amepigwa na kiharusi, maneno yamempotea. Mnamtibu miezi mitatu. Siku moja anasema 'kikombe'. Nani amemrudishia kikombe?"

"Sisi!" darasa likaitika.

"Nyinyi? Na kama ubongo ulikuwa unajiponea wenyewe, kama kidonda kinavyofunga hata ukikitazama tu? Mimi nilipokuwa na mtoto mchanga, kila alipoota jino mama mkwe wangu alisema ni ile dawa yake ya kupaka. Hakupaka, jino likaja. Akapaka, jino likaja. Mpaka leo anaidai sifa."

Wakacheka. Hapo ndipo alipogonga kopo, akaeleza polepole, kama anayemweleza mtu anayesikiliza huku anaosha vyombo. Unachagua maneno arobaini ambayo mgonjwa ameshindwa kuyasema. Kila neno unaliweka kwenye kikaratasi pamoja na picha yake, maana wengi wamepoteza hata kusoma. Unavikunja, unavitia koponi, unatikisa. Ishirini vinavyotoka kwanza ni orodha ya kwanza, hayo mtayafundisha. Vinavyobaki koponi ni orodha ya pili, hayo mnayaacha yalivyo. Kila wiki unampima yote arobaini bila kumsaidia. Akisema, moja. Asiposema, sifuri. Orodha ya kwanza ikipanda na ya pili ikilala, basi tiba ndiyo iliyofanya kazi. Zikipanda zote mbili, nyamaza, usijisifu.

"Mbona kwa kura?" aliuliza mwaka huu msichana mmoja mrefu wa mstari wa mbele. Wenzake walimwita Ushahidi, kwa sababu hata akiambiwa mvua inanyesha aliuliza ushahidi uko wapi.

"Kwa sababu mkono wako una upendeleo, mwanangu. Ukichagua mwenyewe utachukua maneno mepesi, ili uonekane bingwa."

Kisha aliwaonyesha chati iliyotundikwa ukutani, kwenye fremu ya kioo. Mistari miwili. Wa juu ulipanda kama ngazi. Wa chini ulilala kama kamba iliyodondoka. "Hii," alisema, "ndiyo kazi safi." Wanafunzi wakainakili kwenye madaftari, wengine kwa rula.

Hakuwaambia chati ilikuwa ya nani. Na hakuwahi kusimama upande ule wa ukuta uso ukiuelekea, alisimama akiupa mgongo, kwa sababu nyuma ya fremu alikuwa amekunja karatasi ya hesabu yenyewe, na kwenye karatasi ile, mstari wa thelathini na moja, kulikuwa na sifuri tisa zimepangana, na baada yake kijumba kitupu.

*

Chati ilikuwa ya Fundi Saa.

Miaka kumi na tano ilikuwa imepita. Fundi Saa alikuwa mwanamume mwembamba, mwenye kucha safi kuliko za bibi harusi. Kiharusi kilimwachia mkono wa kushoto, macho, na neno moja tu, "sasa", alilolitumia kusalimia, kugomba na kuomba maji. Mwalimu hakuwa mwalimu bado. Alikuwa tabibu kijana wa usemi, ndiyo kwanza amerudi kutoka likizo ya uzazi, na kazi ya kumtibu Fundi Saa ndiyo ambayo angewapelekea wakubwa ili aajiriwe kufundisha. Kopo lilikuwa la mwanawe. Alilikosha, akalikausha juani, akalileta kazini.

Mke wa Fundi Saa alileta picha ya binti yao. Kasichana ka miaka kumi, pengo mbele, mdomo wazi kama kamekatishwa katikati ya sentensi. Babake alimpachika jina la Chiriku, kwa sababu hakunyamaza hata usingizini. "Huyu ndiye roho yake," mama alisema. Basi neno Chiriku likakunjwa, likatiwa koponi pamoja na mlango, kijiko, kiatu na mengine. Lilikuwa la thelathini na moja. Kopo likatikiswa. Chiriku akabaki ndani.

Wiki ya pili mama aliuliza, "Dada, na lile la mtoto tutaanza lini?"

"Lile liko orodha ya pili, mama. Tukimaliza wiki kumi na mbili, tutalifundisha."

"Basi mimi nitamzoeza nyumbani, nikipata nafasi."

"Hapana, tafadhali. Hata nyumbani msimfundishe. Mkimfundisha, hesabu yangu itaharibika."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mama Chiriku alimtazama usoni, akamtazama na blauzi, akasema, "Haya, dada. Tumesikia."

Kila Jumatano, saa nne asubuhi, Fundi Saa aliketi kwenye kiti chenye mkono uliofungwa plasta. Akionyeshwa mlango, kuanzia wiki ya nne, alisema mlango. Akionyeshwa kiatu, kiatu. Akionyeshwa picha ya thelathini na moja, aliitazama picha, kisha akamtazama tabibu, na ukucha wa kidole chake cha shahada ukaanza kugonga meza. Tk, tk, tk. Macho yake yalijaa kitu. Tabibu alihesabu moja hadi kumi kimoyomoyo, kama utaratibu ulivyotaka, akainamisha kichwa, akaandika sifuri.

Jumatano tisa. Ya kumi hakuja. Jumatatu yake kiharusi cha pili kilikuwa kimemchukua.

Kazi ile ilisifiwa. Mistari ilikuwa misafi mno, mmoja wa wakubwa akasema ameona mingi lakini huu wa chini umelala kama umeambiwa. Akaajiriwa. Na tangu siku hiyo alikuwa akijiuliza jambo moja tu: je, yule mtu alikufa bila kumwita mwanawe kwa sababu yangu?

Si kwamba aliliwaza kutwa. Alikuwa na mume, na nyumba, na binti ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na tano na maneno mengi kuliko redio. Lakini lilimjia kwa mlango wa nyuma. Bomba la jikoni likidondosha tone kwenye sufuria, tk, aliacha alilokuwa akifanya akalikaza mpaka vidole vikauma. Binti yake akifanya hesabu za shule huku anagonga kalamu mezani, alimwambia, "Acha," kwa sauti ambayo mtoto hakuielewa.

"Mama, ni kalamu tu."

"Najua ni kalamu. Acha."

Kibanda cha saa cha marehemu kilikuwa mtaa wa pili kutoka chuoni. Kila siku alivuka barabara apite upande wa pili. Saa yake ya mkononi ilipokufa hakuipeleka kwa fundi yeyote. Aliitia kwenye droo na kuanza kutazama saa kwenye simu. Na kliniki ya chuo ilipopata viti vipya, kile chenye plasta yeye mwenyewe alikataa kitupwe, akakiweka chumba cha pembeni, halafu akawa hawezi kukikalia.

*

Mwaka huu Ushahidi alipewa mgonjwa wake wa kwanza. Alikuwa mshonaji, mama wa miaka hamsini na kitu, mkono wa kulia umelegea, maneno yamekwenda karibu yote. Alikuja na mumewe, dereva wa lori mstaafu, mtu mnene wa kucheka kabla hajamaliza kusema.

Mwalimu alikaa chumba cha pembeni, nyuma ya kioo cha kuchungulia, ambako mwalimu humwona mwanafunzi naye haonwi. Aliiona kazi ikienda vizuri. Ushahidi alitandaza picha zote arobaini, akamwonyesha mama kwa mikono na kwa uso: hizi tutajifunza, hizi tutaziacha kwanza. Mama aliitikia kwa kichwa. Alielewa, hakuwa mjinga, maneno tu ndiyo yaliyompotea.

"Na mimi nimo humo?" dereva aliuliza.

"Umo, baba. Ile picha mliyoileta."

"Niwekeni orodha yoyote. Hata hivyo hajawahi kunisikiliza tangu nimwoe."

Mama akampiga kofi la paja kwa mkono wake mzima. Ushahidi akacheka, akatikisa kopo, akaanza kuchomoa. Vikaratasi ishirini vikatoka, vikapangwa mezani bado vimekunjwa. Akashika kifuniko cha kopo afunike vilivyobaki.

Mshonaji akauzuia mkono wake. Akaingiza mkono wa kushoto koponi, akachomoa kimoja, akakikunjua mapajani, akakitazama. Akakirudisha. Akachomoa kingine. Cha nne alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akakifumba kiganjani, akakiweka kifuani, akamkazia macho msichana.

"Mama, naomba kikaratasi," Ushahidi alisema kwa upole.

Kichwa kikatikisika. Hapana.

"Ni mimi huyo!" dereva akashangilia. "Hataki niachwe! Nilijua siku moja atanipenda!"

Nyuma ya kioo, Mwalimu alisikia tk, tk, tk. Alitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia. Ulikuwa ukucha wa mshonaji, wa mkono ule uliofumba, ukigonga kifungo cha gauni lake, au pengine haukuwa huo. Kwenye kioo, juu ya uso wa yule mama, aliuona uso wake mwenyewe, na kiti chenye plasta nyuma yake, na akageuka haraka. Kiti kilikuwa kitupu.

Ushahidi alitoka, kopo mkononi, jasho puani. "Mwalimu, nifanyeje? Kura ni kura. Nikimwachia neno moja akalihamisha, orodha hazina haki tena. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

"Ndivyo."

"Basi nimnyang'anye?"

Mwalimu alifungua mdomo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia mtu akimuuliza swali lililogusa lile alilojiuliza yeye miaka yote, na akaona hana jibu lenye ushahidi. Alikuwa na chati tu. Alikuwa na sifuri tisa, na hakuwahi kwenda kuuliza zilikuwa na nini ndani yake.

"Funika kopo," akasema. "Usihesabu vilivyobaki, usijue ni kipi. Mwache aende nacho nyumbani. Nipe mpaka Jumatatu."

"Ushahidi u—"

"Ndio ninaokwenda kuutafuta, mwanangu."

*

Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya kibanda cha saa kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Dirishani sasa kulikuwa na vifuniko vya simu na chaja. Saa zilikuwa mbili tatu tu, kwenye kona. Ndani, mwanamke kijana aliinamia simu iliyopasuliwa mgongo, bisibisi ndogo mkononi.

"Namtafuta mama," Mwalimu alisema.

"Yupo uani. Pita tu." Hakuinua uso.

Mama Chiriku alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu imenyooshwa, sanduku la mbao mapajani. Mvi zilikuwa zimemwingia kote. Alimtazama mgeni kwa muda, macho yakikuna kumbukumbu, kisha akapiga makofi mara moja.

"Dada wa vikaratasi!"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Umenenepa, afadhali. Zile siku ulikuwa kama ufito."

Alikaa. Na hapo akasikia. Tk, tk, tk, tk, si moja bali nyingi, zimepishana, zinakimbizana, kama kucha ishirini juu ya meza moja. Mama alilifungua sanduku amwonyeshe: saa za mkononi, nyingi, kila moja imefungwa kadi ndogo kwa uzi.

"Za wateja wake. Wenyewe hawakuzifuata. Kila asubuhi nazitia ufunguo, maana atakuja mtu siku moja aseme saa yangu iko wapi, nimpe imekufa? Aibu hiyo."

"Mama," Mwalimu alisema, "nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini? Ya kutokuja msibani?"

Lilimchoma. "Na hiyo."

"Niliangalia mlangoni siku tatu. Nikasema, dada wa watu ana kazi, ana mtoto. Lakini niliangalia."

"Niliogopa. Niliogopa kukuona. Mama, lile neno. La mtoto. Nilikukataza usimfundishe. Hakukuwa na haja ya kukukataza. Ningeweza kulitoa koponi tangu siku ya kwanza na kazi yangu isingeharibika. Sikujua, halafu nilipojua alikuwa ameshakufa. Alikufa bila kumwita mwanawe, na ni mimi."

Mama Chiriku alifunga sanduku. Sauti za saa zikawa mbali, kama za chumba kingine.

"Nani kakuambia hakumwita?"

Mwalimu aliinua uso.

"Wiki ya tatu," mama akasema. "Nilikuwa namnyoa. Unajua ukimnyoa mtu anakaa uso kwa uso na kioo, hana pa kukimbilia. Nikamwambia, tazama mdomo wangu. Nikasema Chi. Nikasema tena Chi. Mimi si daktari, nilifundisha kama ninavyomfundisha mtoto. Asubuhi ya nne, povu limemjaa mashavuni, akasema. Lote. Chiriku! Wewe!" Akageukia kibandani. "Chiriku! Njoo hapa!"

Miaka kumi na tano Mwalimu hakuwa amelisikia neno lile likisemwa kwa sauti. Lilimpita mwilini kama maji ya baridi.

Mwanamke kijana akatokea mlangoni, bisibisi bado mkononi. Pengo lilikuwa limezibika siku nyingi.

"Mwambie huyu dada. Babako alikuita au hakukuita?"

"Kuniita?" Akacheka bila kutaka. "Alinichosha. Siku ya kwanza nilidondosha beseni, maji yakajaa nyumba nzima. Halafu akawa hana neno jingine. Akitaka maji, Chiriku. Akitaka kugeuzwa, Chiriku. Paka akipita, Chiriku. Mpaka nikamwambia baba, huyo ni paka." Akaigeuza bisibisi kiganjani, kisha akaongeza, kwa sauti iliyoshuka, "Hata ile asubuhi ya mwisho. Nilikuwa navaa viatu vya shule. Nikasema nakuja. Nilikuwa navaa kiatu cha pili."

Akarudi kibandani kabla hajajibiwa.

Mwalimu alikuwa na karatasi ya hesabu mkobani. Aliitoa, imekunjwa vile vile ilivyokaa nyuma ya fremu. Akaweka kidole kwenye mstari wa thelathini na moja. "Lakini mama, kwangu hakusema. Tazama. Mara tisa. Hata mara moja."

"Angesemaje? Nilimkataza."

"Ulimkataza?"

"Njiani, kila Jumatano. Nilimwambia, baba Chiriku, ukionyeshwa ile picha, funga mdomo. Tumemharibia dada wa watu hesabu. Atafukuzwa kazi." Mama alijipangusa mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na maji. "Ulikuwa unanyonyesha. Siku ile ulipotukataza, blauzi yako ilikuwa imelowa hapa na hapa, na wewe hujui, unatuhubiria kuhusu vikaratasi. Nikasema, huyu ana kichanga nyumbani kinamlilia, na sisi tumpokonye kazi kwa neno moja? Baba Chiriku alielewa. Alielewa kila kitu yule, hakuweza kusema tu."

"Alikuwa akigonga meza," Mwalimu alinong'ona. "Nilidhani analitafuta."

"Kulitafuta? Alikuwa analizuia. Lilikuwa linamtoka lenyewe, si umesikia, hata kwa paka! Alinionyesha nyumbani jinsi anavyofanya, anagonga, anagonga, linakaa. Tukitoka pale kwako anacheka njia nzima. Likishafika nje ya geti, analiachia. Chiriku, Chiriku, watu wanatutazama." Naye akacheka, kisha machozi yakamjia, akayaacha. "Nilidhani unajua. Nilidhani uliona tunakudanganya ukatustahi."

Mwalimu alizitazama sifuri zake. Tatu za mwanzo zilikuwa za kweli. Sita zilizofuata zilikuwa zimetolewa na mtu aliyeketi mbele yake na neno likiwa nyuma ya meno, akimwonea huruma. Yale macho yaliyojaa kitu, aliyoyabeba miaka kumi na tano kama macho ya mtu anayeomba, yalikuwa yakimpa. Na yeye alihesabu hadi kumi, akainama, akaandika.

"Ile karatasi uliifanyia nini?" mama akauliza.

"Nafundishia. Nawaambia watoto wa watu, hii ndiyo kazi safi."

"Basi imesaidia."

"Ina uongo ndani, mama."

"Uongo wetu," mama alisema, akalifungua tena sanduku, akachukua saa ya kwanza. "Wako ni kutokuuliza."

*

Jumatatu fremu ilikuwa imeshushwa. Ukutani lilibaki pande jeupe la mraba. Mwalimu aliwasimulia wanafunzi yote, tangu blauzi mpaka kioo cha kunyolea, na alipofika kwenye kiatu cha pili akakohoa, akanywa maji, akaendelea. Hakuna aliyenakili.

Ushahidi akainua mkono. "Kwa hiyo kura ni mbaya?"

"Hapana. Kura ni nzuri, na orodha ya pili ni nzuri. Bila hiyo tutarudi kwa mama mkwe wangu na dawa yake ya meno. Mimi nilikosea kabla ya kura na baada ya kura. Kabla, sikumuuliza mwenye maneno ni lipi hawezi kulisubiri. Hilo haliingii koponi kabisa, unalifundisha leo leo wala hulihesabu. Baada, niliwaamuru watu wanyamaze nyumbani kwao. Mtu ukimwogopesha hakupi ukweli, anakupa unachotaka. Mimi nilitaka mstari uliolala. Wakanilalishia."

"Na utajuaje kama nyumbani wanamfundisha?"

"Unauliza. Kila wiki, kwa uso mzuri. Wakisema tumemfundisha, unaandika tumemfundisha."

Mshonaji alikuja saa nne. Mumewe alisema ngumi haikufunguka siku nne, isipokuwa kwa kuoga, na hata hapo kikaratasi kilihamia mdomoni. "Hataki hata mimi nikione. Mapenzi ya uzeeni haya!"

Safari hii Mwalimu hakukaa nyuma ya kioo. Alikivuta kiti chenye plasta kutoka chumba cha pembeni, akakikalia, pembeni ya mwanafunzi wake. Ushahidi aliinama mpaka macho yake yakalingana na ya mgonjwa.

"Mama, hilo ni lako. Haliingii koponi. Tunaanza nalo leo. Nionyeshe."

Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Karatasi ilikuwa imelowa na kulainika kama kitambaa, picha imefifia, lakini ilionekana.

Mkasi.

Dereva aliitazama. Akamtazama mkewe. "Miaka thelathini na mbili," akasema polepole. "Nimeshindwa na mkasi."

Mshonaji alicheka. Ilikuwa sauti kubwa, nzima, isiyo na ulemavu wowote, na Ushahidi naye akacheka, na dereva akafuta macho akisema anacheka ingawa haikuonekana hivyo. "Tazama mdomo wangu," msichana alisema. "M. M."

Mwalimu alisogea kando akaiweka karatasi yake ya zamani juu ya goti. Takwimu hazifutwi, aliwafundisha hivyo siku zote, na hakufuta. Kwa penseli alizungushia sifuri sita duara jembamba, na pembeni akaandika tarehe ya Jumamosi na maneno mawili, *alilijua neno*. Kijumba cha kumi alikiacha, akaiweka penseli chini.

Alitegemea kwamba baada ya hapo kutakuwa kimya. Mshonaji alikuwa akibana midomo, M, M, na nje mtu alikuwa akifyeka majani. Kisha, juu ya mbao za meza, karibu na kiwiko chake, akasikia ukucha, tk, tk, tk. Hakugeuka. Aliinua uso kutoka kwenye karatasi, akatazama mbele, mahali ambapo mtu aliyeketi upande wa pili wa meza angekuwa na mdomo wake, na safari hii hakuhesabu hadi kumi. Alilingoja tu lile neno, bila kalamu mkononi.